Mgeni Njoo, Mwenyeji Akonde

Kuna ushauri mmoja ambao kila anayeandika au kurekodi video kuhusu likizo ya bei nafuu visiwani lazima autoe. Atakwambia ubebe mkoba mmoja, ulale nyumba ya wageni badala ya hoteli kubwa, ule chakula cha mtaani. Halafu anashusha sauti kama anayekupa siri ya ukoo: usikubali bei ya kwanza. Kata nusu. Jifanye unaondoka. Watakuita tu. Nimeusoma ushauri huu kwa Kiingereza, nimeusikia kwa Kiswahili na kwa Sheng, na kila Novemba, watu wa bara wanapoanza kupanga Disemba yao, unarudi tena na picha mpya za jua likizama Shela.

Mimi nasema ushauri huo ni mbovu. Uongo si uongo, na nakiri unafanya kazi vizuri sana: ukijifanya unaondoka, kweli watakuita. Ninachotaka tuulizane ni kwa nini wanaita, na ile nusu uliyokata inalipwa na nani.

Niseme mapema ninachokitetea nisije nikaeleweka vibaya. Sina ugomvi na mtu mwenye pesa kidogo anayetaka kuona bahari. Mwalimu wa Kakamega, karani wa Thika, muuguzi wa Machakos, wote wana haki ya kukanyaga mchanga wa Lamu sawa na Mtaliano yeyote. Kwa miaka mingi Pwani hii iliuzwa Ulaya, kwa broshua za Ulaya na bei za Ulaya, na Mkenya akifika langoni mwa hoteli anaulizwa amemfuata nani. Ikaja 2011, watu wenye silaha wakateka wageni Kiwayu na Manda. Ikaja 2014, Mpeketoni ikashambuliwa na watu wapatao 60 wakauawa. Serikali za Ulaya zikawaonya raia wao wasije. Vyumba vilipobaki vitupu ndipo wenye hoteli wakakumbuka kwamba kuna kiumbe anaitwa mwananchi. Sasa mwananchi anakuja, na ni vizuri aje. Lakini amekuja na adabu alizofundishwa na wale wale wasafiri wa mkoba kutoka nje, ambao kwao Lamu, Bali na Goa ni kitu kimoja: mahali ambapo mtu mwingine ni rahisi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme una shilingi 30,000 na siku nne, unatoka Nairobi kwenda Lamu. Ukiamua kupanda ndege hadi uwanja wa Manda, tiketi ya kwenda na kurudi inaweza kumeza zaidi ya nusu ya hizo pesa kabla hujaonja hata hamri moja. Hukupatana na rubani. Chumba umekiagiza kwenye jukwaa la intaneti ambalo makao yake yako Ulaya au Marekani, na majukwaa haya hukata asilimia 15 hivi, wakati mwingine zaidi, kutoka kwa ile pesa unayodhani unampa mwenye nyumba. Hukupatana nalo. Teksi ya kwenda uwanjani umeiita kwa programu ya simu, bei ikapanda kwa sababu ya mvua, ukaguna, ukalipa. Bia ya hotelini umeagiza bila hata kuuliza ni pesa ngapi.

Unabaki na kiasi gani cha kutumia kisiwani kwenyewe, mkononi mwa mtu wa kisiwani? Labda robo. Ndani ya robo hiyo kuna nahodha wa mashua, kijana wa kukutembeza vichochoroni, mwenye punda aliyekubebea mizigo, mama wa mahamri, mama anayekupaka hina kwa saa mbili akiwa ameinama, na mshona kofia ambaye kofia moja ya mkono humchukua wiki kadhaa. Hapo, kwenye robo hiyo tu, ndipo ujanja wetu wote wa kubana matumizi unapotua. Robo tatu tumezitoa kimya kimya kama sadaka. Hii ya mwisho tunaipigania kama urithi.

Nitoe mfano ninaoujua. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, na mjomba wangu ana mashua. Siku hizi wageni humwita kepteni. Sisi tunamwita nahodha. Vijana wanne kutoka Nairobi walimwendea pale gatini wakitaka safari ya siku nzima: kwenda Manda Toto kuogelea na kutazama samaki kwenye matumbawe, kuchomewa samaki kwa wali wa nazi, na kurudi jioni kwa tanga. Akawaambia shilingi 8,000 kwa wote. Wakacheka. Mmoja alikuwa ameona kwenye video kwamba bei halali ni nusu. Wakajifanya wanaondoka. Akawaita. Wakaafikiana 4,500.

Mafuta ya mashine, kwenda na kurudi, shilingi 2,000. Mabaharia wawili, 700 kila mmoja, hiyo ni 1,400. Samaki, mchele, nazi, ndimu na makaa, 1,000. Jumla 4,400. Mwenye chombo alibaki na shilingi 100, na chombo chenyewe kinataka kutiwa kalafati, kinataka rangi, kinataka tanga jipya kila baada ya misimu michache. Upande wa vijana, waliokoa shilingi 875 kila mmoja. Hiyo haifiki mbali kwenye bili ya jioni ya mtu aliyekuja kisiwani kujivinjari.

Nilimuuliza kwa nini alikubali. Akanijibu bila hasira, "Mwanangu, heri itoke kuliko ilale." Mashua ikilala siku tatu mabaharia wake watatafuta kazi kwingine, na mbao zikikauka juani zinaachana. Kwa hiyo aliwapeleka watu baharini kutwa nzima, akawapikia, akawafundisha majina ya samaki, akawarudisha salama, kwa shilingi 100. Na wale vijana, nina hakika, walirudi Nairobi wakisimulia walivyoijua bei ya kweli.

Sasa atatokea mtu aniambie: lakini alikubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, biashara ni mapatano. Huyo namwomba aitazame bahari ya Lamu kwa makini kidogo. Wengi wanaokuita pale gatini ni wavuvi au watoto wa wavuvi. Kwa miaka kadhaa, kwa sababu za usalama, walipigwa marufuku kuvua usiku, na asiyevua usiku kuna samaki ambao atawaona sokoni tu. Kisha ikaja bandari mpya. Sakafu ya bahari ikachimbwa, matope yakafunika matumbawe, na maeneo waliyovua baba zao yakawa njia ya meli. Wakaenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Miaka ikaenda kwa rufaa na majadiliano, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021 kwa shangwe. Mvuvi aliyepoteza sehemu yake ya kuvulia anageuza mashua iwe ya watalii. Watalii nao hukimbia kila kunapolia risasi popote kwenye kaunti, hata kama ni mbali na kisiwa.

Huyo ndiye unayejifanya kumwondokea. Anapokuita, usidhani umemfichua mlaghai akarudi kwenye bei ya haki. Amekuita kwa sababu hana mwingine wa kumwita. Video haikukuonyesha hilo, ilikuonyesha tu kwamba mbinu inafanya kazi.

Hoja ya pili huja ikiwa imevaa kanzu. Ati kupatana bei ni mila ya Waswahili, na kwamba usipopatana umemvunjia mwenzako heshima. Kweli, sisi hupatana. Mama yangu anaweza kusimama mbele ya muuza samaki dakika kumi akimtajia bei, akimuuliza hali ya mtoto, akigeuka, akirudi. Lakini wale wawili wataonana kesho, na kesho kutwa, na kwenye matanga na kwenye harusi. Akimpunja leo, atalipwa kesho kwa samaki wa jana. Muuza samaki akimpandishia mno, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri. Mapatano yao yana breki. Wewe unaondoka Jumapili. Ukimpunja nahodha hakuna harusi mtakayokutana, hakuna jirani atakayekusuta. Umechukua nusu ya mila, ile inayokufaa, ukaiacha nusu inayokuwajibisha.

Hoja ya tatu ina uzito, na sitaipuuza. Bei ya mgeni ipo. Wapo vijana gatini wanaomwona mtu wa bara na mkoba wake mgongoni wakamtajia bei mara tatu, wapo wanaojiita viongozi ilhali hawajui hata msikiti wa Riyadha uko upande gani, na wapo madalali wanaokupeleka nyumba ya wageni kisha kamisheni yao ikaongezwa kwenye bili yako bila wewe kujua. Wanaudhi, na wanawaharibia wenzao. Dawa yake ipo na ni rahisi: uliza kabla. Muulize mwenye nyumba unakolala, muulize muuza kahawa, muulize askari wa kaunti: mashua ya siku nzima huwa kiasi gani? Ukisikia bei inayofanana kwa watu watatu, hiyo ndiyo bei. Ilipe. Anayekutajia mara tatu muache, nenda kwa mwingine. Kutafuta bei ya kweli na kuisukuma bei ya kweli chini hadi ivunjike ni mambo mawili, na wanaotushauri wameyatia kwenye kapu moja.

Kabla sijafika kwenye mpangilio ninaoupendekeza, niwaguse wauza vifurushi. Hawa ndio wanaokuja na bango la rangi kwenye simu yako: kisiwani siku nne, usafiri, malazi, chakula, mashua, kila kitu ndani, lipa pole pole kuanzia Agosti. Kwa mtu mwenye mshahara mdogo inavutia, na sikulaumu ukivutiwa. Lakini fikiria pesa yote inalipwa wapi. Inalipwa Nairobi. Mwenye kifurushi anatoa faida yake kwanza, anamlipa mwenye gari, anamlipa mwenye hoteli, halafu mashua anaitafuta mwisho kwa kilichobaki. Ameahidi safari ya mashua kwa watu ishirini kabla hajazungumza na nahodha yeyote, kwa hiyo anafika gatini na bei mkononi, na ubabe wa watu ishirini. Wewe mteja hata hupati nafasi ya kuwa mwungwana. Ukarimu wako umeshauzwa na mtu mwingine.

Na kuna ile hila nyingine inayosifiwa sana: mkichanga watu kumi, nyumba ya kifahari Shela yenye bwawa la kuogelea inakuwa rahisi kuliko chumba cha nyumba ya wageni. Kihesabu ni kweli. Sasa uliza maji ya hilo bwawa yametoka wapi. Mji wa Lamu hunywa maji yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua hunyesha juu ya matuta, mchanga huichuja, na maji matamu hukaa chini yakisubiri visima. Hakuna mto kisiwani. Ndiyo maana wakaazi wamepigana miaka mingi kuzuia majumba yasijengwe juu ya matuta hayo. Bahari ya Hindi iko hatua chache kutoka kwenye lango la nyumba, wewe unaogelea ndani ya maji ya kunywa ya jirani, halafu unasema umepata bei poa. Imekuwa poa kwa sababu Langoni kuna mama anayeamka alfajiri kusubiri mfereji utoe matone.

Basi mwenye elfu thelathini zake afanyeje? Afanye kinyume cha alivyoshauriwa. Abane kule juu, ambako pesa huondoka kisiwani au haifiki kabisa, na aachie huku chini.

Aanze na tarehe. Disemba ndio mwezi ambao kila mtu anataka, na ukitaka kile ambacho kila mtu anataka utalipa wanacholipa wote. Mwezi wa Februari na mwanzo wa Machi, kaskazi inavuma, jua ni kali, bahari imetulia, na watu wa Krismasi wamesharudi kulipa karo. Septemba na Oktoba kusi imepungua makali, na vyumba viko. Aprili na Mei ni masika. Baadhi ya hoteli hufunga na bahari huchafuka, kwa hiyo usije ukitarajia Manda Toto. Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Wakati wa Maulidi mji hufurika, vyumba havipatikani, lakini ukipata pa kulala utaona Lamu ambayo hakuna hoteli inayoweza kukuuzia. Mwezi wa Ramadhani mchana utashinda na njaa ukitegemea mikahawa, ila usiku wake ni mtamu kuliko usiku wowote wa mwaka. Kubadilisha tarehe tu kunaweza kukuokolea zaidi ya kila ulichopanga kumkata nahodha, na hakuna aliyeumia.

Kisha njia. Treni ya Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na bado ni nafuu. Lala Mombasa au Malindi, asubuhi panda basi la Lamu. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa: Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, na siku hizi barabara ni ya lami. Kuna vituo vya ukaguzi, beba kitambulisho. Sikiliza habari kabla ya kuondoka, kwa sababu barabara hii imewahi kushambuliwa na sitakudanganya kwamba hatari ni hadithi. Ukifika Mokowe, boti za kukodi za mwendo kasi zitakuita. Nenda kwenye boti ya abiria, ile iliyopakia mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, wanafunzi na akina mama wanaotoka hospitalini. Utalipa nauli wanayolipa wakaazi. Hapo hujampunja mtu. Umekaa kwenye kiti kilichokuwa kinakwenda hata bila wewe.

Chumba kitafute kwenye jukwaa la intaneti ukipenda, lakini ukishapata jina la nyumba, tafuta nambari ya simu umpigie mwenyewe. Muulize bei ya mwananchi. Ile asilimia 15 ambayo ingekwenda ng'ambo, gawaneni. Sitaki mtu aniambie huo ni ujanja. Ujanja ni kampuni kukaa bara jingine na kukata sehemu ya kila shuka linalofuliwa Mkomani.

Chakula hakitaki mahubiri. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana samaki na wali kule wanakokula wapakuzi wa gatini, jioni mishkaki, viazi vya karai, mkate wa mofa na maji ya ukwaju. Utakula vizuri kuliko aliye hotelini, na kila shilingi itabaki mtaani. Mama wa mahamri ana bei yake. Usimkate. Faida yake kwa hamri moja ni ndogo kiasi kwamba punguzo lako ndilo faida yenyewe.

Mashua, ikiwa pesa hazitoshi, kuna njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuungana na wageni wengine. Uliza kwenye nyumba unayolala, kuna watu watatu au wanne wanaotafuta wenzao. Mkiwa wanane kwa shilingi 8,000, kila mtu ametoa 1,000, chini kuliko wale vijana wangu waliojiona wajanja, na nahodha amepata bei yake. Ya pili ni kuomba safari fupi. Saa mbili za tanga jioni, bila chakula, bila Manda Toto. Unapunguza unachonunua, humpunguzii anayekuuzia. Na ukitaka kufika mbali kwa bei ndogo kabisa, panda boti ya abiria ya kwenda Pate, uone ngome ya Siyu. Boti hizo hufuata maji, kwa sababu mlango wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakipwa, kwa hiyo ratiba si yako wala si ya nahodha. Uliza maji yatajaa saa ngapi, na usiwe na haraka.

Atakayeniambia kwamba haya ni ndoto aende Wasini, mwisho wa pwani ya kusini, karibu na mpaka wa Tanzania. Matatu kutoka Ukunda, kisha Shimoni, kisha boti fupi. Wengi hufika huko kwa kifurushi cha siku moja kilichonunuliwa hotelini Diani: pomboo, kuogelea, chakula cha mchana, kurudi. Wanakanyaga kisiwa saa moja au mbili tu. Lakini kijijini kuna kundi la wanawake lililojenga njia ya mbao juu ya mikoko, katikati ya bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa juu ya nchi kavu. Unalipa kiingilio, na kiingilio ni chao; kimesaidia kulipia watoto karo. Kwa vizazi vingi watu wa Wasini wameishi kwa maji ya mvua waliyokinga, wanajua thamani ya tone. Bei yao imeandikwa, haina mchezo wa kujifanya unaondoka, na sijasikia mgeni aliyefilisika kwa kuilipa. Hivyo ndivyo inavyokuwa mwenyeji anapopata nguvu ya kutaja bei na kusimama nayo. Nahodha wa Lamu anayesimama peke yake gatini hana nguvu hiyo, na sisi tunamfanyia mazoezi ya ujanja.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuusema msemo huu tunapokaribishwa, kana kwamba kufika kwetu tu ni dawa. Katika hali ilivyo sasa, mgeni anakuja na mwenyeji anakonda: maji yake yameingia bwawani, bahari yake imekuwa njia ya meli, na siku yake ya kazi imenunuliwa kwa shilingi 100. Serikali ina deni lake kwa watu hawa na siwezi kulilipa mimi wala wewe. Lakini kile kiasi kilicho mfukoni mwetu ni chetu, na tunachagua wenyewe tukibane wapi.

Elfu thelathini zisipotosha siku nne, kaa siku mbili. Zisipotosha siku mbili, ngoja hadi Februari. Na ukifika ukakuta kweli huna pesa ya mashua, hakuna aibu. Keti barazani jioni, agiza kahawa chungu na kashata, tazama mashua za wenzako zikirudi. Hiyo haitozwi kitu. Kahawa tu ndiyo yenye bei, na bei ya kahawa tafadhali usimkate mzee wa watu.